Pweza hana risiti: kisa cha hoteli ya Unguja iliyopeleka hesabu zake Manila

Ijumaa moja ya Juni 2024, wakati wa maji ya bamvua, bahari inapokupwa na kujaa kupita siku nyingine, mama mmoja wa kijijini alifika kwenye dirisha la ofisi yetu ya hesabu saa nane mchana. Mkononi ana ndoo, ndani ya ndoo pweza wanne, na mchokoo wake, fimbo ya kuchokolea pweza, kauegemeza ukutani. Kanga ilikuwa bado imerowa mpaka magotini. Alikuwa mwambani tangu asubuhi, akiyafuata maji yanavyotoka, akarudi yalipoanza kujaa.

"Shikamoo bi."

"Marahaba mwanangu. Nipimie upesi, watoto hawajala."

Kilo saba na nusu. Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa akipimiwa, anatia dole gumba kwenye daftari, anapokea fedha yake, anakwenda zake. Siku ile nilimwambia siwezi kumlipa. Nikamwonesha fomu mpya: ankara yenye nambari, nambari ya mlipakodi, akaunti ya benki, na baada ya hayo yote asubiri siku thelathini. Aliishika fomu, akaitazama juu na chini, akanirudishia.

"Mwanangu, pweza hana risiti."

Nilikuwa karani wa hesabu katika hoteli ile. Nakiandika kisa hiki kwa sababu nimekiona kutoka pande zote mbili za dirisha. Hapa kwetu, tukizungumzia kazi zinazopelekwa nje ya nchi, tunazungumzia ajira tu: nani kapata, nani kakosa. Ajira zilipotea kweli, na nitazitaja. Lakini jambo zito zaidi lililotokea pale lilihusu mkopo, na waliokopesha hawakujua kwamba wanakopesha.

Hesabu ilivyopigwa

Hoteli yenyewe siitaji. Iko pwani ya mashariki ya Unguja, vyumba havifiki sitini, mwenyewe anaishi nje na meneja anakaa hapahapa. Biashara haikuwa mbaya. Wageni walioingia Zanzibar mwaka 2023 walikuwa 638,498, na mwaka uliofuata wakafika 736,755. Lakini wageni wakiongezeka na hoteli huongezeka, na bei za vyumba hushindana kwenye mitandao mbele ya macho ya mteja. Mwenye hoteli alitaka kupunguza gharama za ofisini, mahali ambapo mgeni hapaoni.

Ofisi ilikuwa na watu watano: wawili wa kupokea maombi ya vyumba na watatu wa hesabu, mimi nikiwa mmojawapo. Mwishoni mwa 2023 ikaja kampuni ya Manila na bei yake. Ufilipino wana uzoefu mkubwa wa kazi hizi. Zaidi ya watu milioni moja kule wanaishi kwa kupokea simu, kujibu barua na kuandika hesabu za kampuni za Marekani, Ulaya na Australia. Kampuni ile iliahidi kujibu wageni saa ishirini na nne, kuhakiki ankara zote, na kutoa taarifa ya fedha kila wiki. Kwenye karatasi, hoteli ilikuwa inaokoa karibu theluthi moja ya gharama ya ofisi nzima. Mkataba ukaanza Mei 2024, msimu wa mvua, wageni wakiwa wachache, ili makosa ya mwanzo yasiumize. Wenzangu watatu wakaaga. Nikabaki mimi na msichana mmoja wa mapokezi, kazi yetu kupiga picha karatasi na kuzituma.

Akiba ile ya theluthi moja naijua kwa undani, maana ndiyo niliyokuwa nikiiandikia taarifa kila mwezi, nikiona inavyoliwa.

Kwanza kodi. Malipo ya huduma yanayokwenda kwa asiye mkaazi yana kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kutoa fedha, asilimia 15. Mkataba ulisema mkandarasi apokee fedha yake kamili, haikatwi kitu. Maana yake kodi ilibebwa na hoteli: kila mkandarasi akipokea dola 85, dola 15 nyingine zinakwenda kwa mamlaka ya mapato. Aliyepiga hesabu ya mwanzo hakuiweka hiyo. Pili shilingi. Mishahara yetu ilikuwa kwa shilingi, mkataba wa Manila kwa dola. Hesabu ilipigwa dola ikiwa kwenye shilingi 2,500. Katikati ya 2024 dola ikapita 2,600. Wale wafanyakazi walioondolewa kwa sababu ni ghali wangekuwa wameshakuwa rahisi zaidi, kwa hesabu ya dola, bila mtu kuwagusa mishahara. Tatu, saa zangu na za mwenzangu: kuskani, kutuma, kujibu maswali ya kilichoskaniwa. Hizo hazikuwekwa popote.

Bado akiba kidogo ilibaki. Nasema hivyo ili nisiwe dhalimu.

Waliyoyafanya vizuri

Kuna mambo Manila waliyaweza kuliko sisi. Mgeni akiandika usiku wa manane alijibiwa papo hapo. Zamani alisubiri mpaka saa mbili asubuhi, na akisubiri huenda kwa jirani. Chumba kimoja kuuzwa mara mbili, aibu iliyokuwa ikitupata kila Desemba, kulikoma. Na kubwa kuliko yote, dada mmoja wa kule aliyekuwa akihakiki manunuzi aliona samaki tunaolipia hawalingani na sahani zinazotoka jikoni. Akauliza kwa adabu, mara moja, mara mbili. Kumbe mtu wetu wa manunuzi alikuwa akiongeza uzito kwenye vikaratasi kwa muda mrefu. Sisi tuliokaa naye meza moja hatukuona, au tuliona tukamstahi. Mtu wa mbali hakuwa na haya hiyo.

Dada huyo nilimpenda. Hatukuonana hata siku moja, lakini tuliandikiana kila siku ya kazi. Ndiye aliyeniuliza kwa nini wageni wengine wanalalamika kwamba walilipia bahari na bahari haikuwepo. Zamani msichana wetu wa maombi alikuwa akimwambia mgeni kabla hajalipa: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani ya mashariki hukupwa mpaka kwenye mwamba, asubuhi saa nne unatembea kwa miguu pale ulipotaka kuogelea, na alasiri bahari imerudi. Anayetaka kuogelea tu, na aje wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa mbali. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Yalikuwa kichwani mwa msichana wa Bwejuu, na alipoondoka aliondoka nayo. Nikamwandikia dada wa Manila kurasa mbili kuhusu mwezi na maji. Akazitia kwenye majibu yao, na malalamiko yakapungua. Kurasa mbili tu! Hakuna aliyekuwa ameziomba wakati wa kukabidhiana kazi.

Oktoba ilikuja na somo kama hilo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje aliyeingia Zanzibar alitakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Hapa hata dereva wa daladala alijua. Majibu ya Manila yaliendelea kwa wiki kadhaa bila kuitaja, na wageni wakatufikia wamenuna, wanaona wamefichwa. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ya nchi ikazorota, Manila waliendelea kupokea maombi kama kawaida. Sisi wenyewe ndio hatukuweza kuyaona. Wageni waliteremka kwenye gari na masanduku yao, na mimi nikiwauliza majina kama askari wa zamu.

Haya yote yanarekebishika. La dirishani ndilo lisilorekebishika kwa kurasa mbili.

Siku thelathini

Jikoni pale palikuwa na wauzaji wadogo kama thelathini. Pweza, changu na tasi, madafu, ndimu, mayai, mchicha, mkaa wa kuchomea nyama. Karibu wote waliuza kwa mkono na kulipwa kwa mkono, na baadhi yao kwa mali kauli: mpishi akiishiwa nazi usiku, humpigia mzee mmoja simu, nazi zinafika, fedha kesho. Hoteli nayo ilipokuwa haina wageni, wao walisubiri. Hakukuwa na mkataba hata mmoja. Kulikuwa na daftari, dole gumba, na mimi dirishani niliyemjua kila mmoja kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Mfumo wa Manila ulihitaji kila muuzaji awe na nambari. Ili apate nambari awe na nambari ya mlipakodi na akaunti. Ankara ihakikiwe na watu wawili, kisha ilipwe baada ya siku thelathini. Kwa muuza vigae au mwenye kampuni ya friji, huo ni utaratibu wa kawaida. Kwa pweza ni balaa, na sababu yake iko baharini. Pweza wa kuchokoa kwa miguu huja na bamvua: siku chache kila mwezi ukiandama, siku chache ukiwa mpevu. Katikati hapo mwanamke huyu hana mapato ya mwambani. Fedha ya bamvua moja ndiyo inayomfikisha bamvua jingine. Ukimwambia asubiri siku thelathini, umemruka bamvua mbili.

Na hata saa zilikuwa dhidi yake. Manila iko saa tano mbele yetu. Wahakiki wa ankara walifunga kazi saa kumi na mbili jioni ya kwao, yaani saa saba mchana ya kwetu. Bahari yetu wakati wa bamvua hukupwa mwisho kama saa nne asubuhi. Mpaka mama ametoka mwambani, amempiga pweza, ametembea kwa miguu, ni saa nane. Kila siku alichelewa kwa saa moja, kwa amri ya mwezi. Akija Ijumaa, karatasi yake inaonwa Jumatatu.

Sasa tazama fedha zilivyokwenda. Tuseme jikoni wananunua kwa wauzaji wadogo shilingi milioni kumi na mbili kwa mwezi. Ukilipa papo hapo, hiyo ni fedha ya hoteli. Ukilipa baada ya mwezi, wakati wowote ule hoteli imekalia milioni kumi na mbili za watu: bila riba, bila dhamana, bila kuomba. Meneja aliiona kwenye taarifa kama mafanikio, fedha benki zimeongezeka. Zilikuwa fedha za watu wa pweza na wa madafu. Gharama haikuondoka. Ilihama kutoka kwa aliye na akaunti ya dola ikaenda kwa mwenye ndoo.

Wauzaji hawakuweza kuubeba mzigo huo, wakaacha kuja. Ndipo akatokea mchuuzi mmoja wa mjini, mwenye leseni, nambari, akaunti na gari lenye barafu. Kabla yake hoteli ilinunua pweza kwa shilingi 10,000 kilo, mkono kwa mkono. Yeye aliwalipa wanawake 8,000 pale pale ufukweni, akaiuzia hoteli kwa 12,000. Hoteli inalipa elfu mbili zaidi, mwanamke anapata elfu mbili pungufu. Kwa kilo zile saba na nusu ni shilingi 15,000 zilizotoka mkononi mwa mama yule kwa siku moja. Wengi kijijini walimtukana mchuuzi. Mimi sikumtukana. Alikuwa anauza kitu halisi, yaani kusubiri. Alikuwa na mtaji wa kukaa siku thelathini, wao hawakuwa nao. Lakini ni nani aliyezaa haja ya kusubiri, pahala ambapo haikuwepo?

Mchumi wa Kiingereza, Ronald Coase, aliuliza mwaka 1937 kwa nini kampuni iajiri watu wake badala ya kununua kila huduma sokoni. Jibu lake ni kwamba kununua nako kuna gharama: kutafuta, kupatana, kuandikiana, kusimamia. Gharama hizo zikizidi, ni nafuu kuifanya kazi mwenyewe. Intaneti imezishusha sana gharama hizo kwa kazi zinazoandikika. Jibu la mgeni linaandikika. Ankara ya friji inaandikika. Neno la mama anayesema "huyu pweza ni wa leo" halitumwi kwa skana, na karani wa dirishani alikuwa akilipwa, pamoja na mengine, kwa kulijua neno hilo lina uzito gani. Kwenye orodha ya kazi zetu iliyopelekwa Manila, mstari wangu uliandikwa "kuingiza malipo". Kama kazi yangu ingekuwa hiyo tu, hesabu yao ingekuwa sahihi.

Wala si jambo geni Zanzibar kumkabidhi mgeni kazi ya hesabu. Katika karne ya 19, Sultani Seyyid Said na waliomfuata waliikodisha forodha yao yote kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch. Mwaka 1876 ikaenda kwa mfanyabiashara mwingine wa Kihindi, Taria Topan. Mfalme alipokea kiasi alichokubaliana, mkusanyaji akabaki na ziada. Ni ukandarasi mtupu, na ulikuwa na maumivu yake. Ila wakandarasi wale walikaa hapa. Karani wao aliiona jahazi inashusha pembe na karafuu, alimjua nahodha, alikopesha na kukopeshwa mtaa mmoja. Kilicho kipya sasa ni kwamba anayeamua kama ankara ni halali hawezi kutokea dirishani hata akitaka.

Kilichofuata

Mpishi mkuu ndiye aliyelalamika wa kwanza. Pweza wa mchuuzi alikuwa wa barafu, wa siku mbili tatu, na ile sahani ya pweza wa nazi iliyokuwa ikisifiwa na wageni ilianza kurudi jikoni nusu. Mkaa ulikuwa hauji. Mzee wa nazi alipopigiwa simu usiku hakupokea. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda thamani ghafla, dola ikashuka hadi kama 2,400, na kila kinachonunuliwa kwa shilingi kikawa ghali kwa mwenye kuhesabu dola. Tofauti ile ya elfu mbili kwa kilo ikaonekana hata kwa mwenye hoteli kule aliko.

Katikati ya 2025 mkataba ukaandikwa upya. Maombi ya vyumba na wauzaji wakubwa vikabaki Manila, kwa makubaliano kwamba orodha ya mambo ya Zanzibar, bima, kodi, maji na mwezi, irejewe kila robo mwaka na mtu aliye hapa. Nadhani huo ni uamuzi mzuri. Wauzaji wadogo wakarudishwa kwa mtu wa hapa, ila hoteli ilisisitiza karatasi iwepo, kwa sababu ya yule bwana wa manunuzi. Siwezi kuwalaumu kwa hilo.

Mtu huyo wa hapa sikuwa mimi. Nilikuwa nimeshaondoka. Wenzangu watatu wa mwanzo, mmoja yuko Maskati kwenye mapokezi ya hoteli, mmoja anatembeza wageni, na yule msichana wa Bwejuu anauza viungo na mafuta ya nazi. Michango yao ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, imekatikia pale ilipokatikia.

Mimi naandika hesabu za ushirika. Wanawake wa pweza na wavuvi wachache wa kijiji wamesajili ushirika, una nambari ya mlipakodi, akaunti, mzani na friji moja. Tunauza kwa hoteli tatu. Mojawapo ni ileile, na ankara zetu zikiwa kubwa zinapitia Manila, kwa dada yuleyule, ambaye ya kwanza aliirudisha kwa kuwa nilikosea tarehe. Tunawalipa akina mama shilingi 9,500 kilo papo hapo, tunauza kwa 11,000. Hiyo 1,500 inalipia barafu, umeme, gari, na kusubiri. Hoteli inalipa nafuu kuliko kwa mchuuzi, mama anapata zaidi kuliko kwa mchuuzi, na bado hajafika pale alipokuwa Mei 2024.

Kinachotubana ni sanduku la fedha. Tunalipa leo, tunalipwa baada ya mwezi, na katikati hapo tunatumia hisa za wanachama. Hisa ni ndogo. Benki niliyoiendea ilitaka hati ya nyumba. Wengi wa wanachama wanakaa kwenye nyumba za urithi zisizo na hati. Niliwapelekea ankara za hoteli tatu, zimetiwa saini, kuonesha kwamba fedha inakuja. Afisa alizisoma kwa makini akasema hazimtoshi. Nimeziomba hoteli zenyewe zitulipe baada ya siku kumi na nne. Moja imekubali.

Bamvua lililopita bahari ilitoa sana. Siku ya kwanza na ya pili nililipa wote. Siku ya tatu sanduku liliisha saa tisa, na foleni bado ipo. Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaandika majina na kilo, nikawaambia fedha hoteli ikilipa. Wengine waliondoka na pweza wao kumtafuta mchuuzi. Mama yule wa ndoo alikuwa wa nne kwenye mstari. Aliniuliza ni lini. Nikamwambia siku kumi na nne, inshallah. Akafuta kidole kwenye kanga, akakitia wino.